Mpakani Si Nyumbani

(Hotuba kuhusu ulanguzi wa binadamu, iliyotolewa Kisumu, Julai 30, mbele ya wahudumu wa matatu na bodaboda, kamati za fuo za ziwa, machifu, maafisa wa polisi na wageni kutoka Busia, mji ulio pande zote mbili za mpaka wa Kenya na Uganda, na kutoka Tororo, Uganda. Mzungumzaji ameiandika upya mwenyewe.)

Oyawore. Mulembe. Yoga. Na wale wa Kiswahili peke yake, hamjambo?

Mwenyekiti amenitambulisha kama mtaalamu, nami namwomba aliondoe neno hilo. Nilikuwa afisa wa watoto kwa miaka ishirini na minne, mingi yake hapa Kisumu na Busia. Sasa nimestaafu, nafuga kuku Maseno, na kuku wananitii kuliko walivyonitii wakubwa zangu. Nimekuja leo na kosa moja, kosa langu mwenyewe, na ningependa tulitazame pamoja kabla ya chakula.

Ilikuwa mwaka wa 2013. Jirani mmoja katika mtaa wa hapa mjini alikuja ofisini akasema nyumba ya pili kutoka kwake kuna msichana anafua usiku. Hakusema zaidi: anafua usiku. Tulipokwenda tulimkuta mtoto wa miaka kumi na minne hivi, mikono imechubuka kwa sabuni, anasema Kiteso na Kiswahili cha kuokoteza. Alikuwa ametoka upande wa Uganda, ameletwa na mwanamke aliyemwita shangazi, ameahidiwa shule. Kwa miezi kumi na mmoja hakuona darasa wala shilingi. Mama mwenye nyumba alitueleza bila haya kwamba mshahara analipa kila mwezi, tena kwa M-Pesa, ila unakwenda kwa huyo shangazi.

Nilifurahi siku hiyo. Nilifurahi kama mvuvi aliyevuta wavu mzito. Sheria ya Kukabiliana na Ulanguzi wa Binadamu, ile ya 2010, ilikuwa imeanza kutumika Oktoba ya mwaka uliotangulia. Nilikuwa nimepelekwa kwenye mafunzo, na kabrasha la mafunzo hayo lilikuwa kabatini mwangu, safi kabisa. Tukapata gari, na gari ofisini ni jambo la kushukuru Mungu, tukaondoka. Alasiri hiyohiyo tulikuwa Busia. Nilimkabidhi mtoto kwa ofisi moja upande wa pili, nikatia sahihi kitabuni, nao wakatia sahihi, tukanywa chai kwa mandazi, na giza lilinikuta nimeshafika Kisumu. Kwenye ripoti niliandika: mtoto amerejeshwa nyumbani.

Wiki tatu baadaye nilipigiwa simu na makanga wa magari ya Eldoret, kijana tuliyezoeana. Akasema, "Mama, yule mtoto wako wa Busia nimemwona leo asubuhi. Yuko na mama fulani, wanaelekea Nakuru." Nikamwambia anieleze huyo mama alivyo: kimo, kitambaa cha kichwa, mwanya. Alikuwa shangazi yuleyule.

Hatukumpata tena. Nakuru ni pana, na mtoto anayefanya kazi ndani ya nyumba haonekani barabarani. Na yule mwenye nyumba wa hapa Kisumu? Aliitwa kituoni, akaandikisha maelezo, akarudi kwake. Shahidi wa pekee dhidi yake nilikuwa nimempeleka ng'ambo mimi mwenyewe, kwa gari la serikali, siku ya kwanza.

Nilimrudisha mpakani. Nyumbani sikumrudisha, kwa sababu sikujua ni wapi. Sikuwa nimeuliza kijiji. Sikuwa nimeuliza ni nani aliyemtoa, kama mama yake yu hai, wala usiku ule wa kwanza atalala kwa nani. Nilimwachia mpokeaji ambaye naye alikuwa na kitabu chake cha kutia sahihi, na huenda yeye pia aliandika kwamba mtoto amerejeshwa nyumbani.

Sasa tuje kwenye ushirikiano wa kikanda, maana ndilo neno lililoandikwa kwenye bango hapo nyuma yangu.

Wengi wenu mnafanya kazi kwenye barabara ya Busia na Malaba. Mnajua kontena linavyosafiri kutoka Mombasa hadi Kampala. Linafungwa muhuri wa kielektroniki, na tangu 2017 Kenya, Uganda na Rwanda wanalifuatilia kwenye mfumo mmoja. Dereva akikata kona asiyotakiwa kukata, akasimama mahali pasipofaa au muhuri ukaguswa, kengele inalia, na kuna kikosi cha kumfuata. Kontena la vigae, ndugu zangu. Na kituo cha pamoja cha Busia, kilichozinduliwa rasmi mwaka 2018 na Rais Kenyatta na Rais Museveni, kimewaketisha maafisa wa nchi mbili chini ya paa moja, ili msafiri asimame mara moja tu badala ya mara mbili. Kwa hivyo asije mtu akatuambia kwamba nchi hizi haziwezi kushirikiana. Tumeshirikiana vizuri sana kwa ajili ya vigae.

Mtoto wangu wa 2013 hakuwa na muhuri. Faili yake iliishia kwenye geti. Upande wa Kenya ilifungwa kwa sababu ameondoka. Upande wa Uganda haikufunguliwa kwa sababu, kwa maoni yao, amefika.

Tena katika eneo letu mpaka wenyewe ni jambo la jana. Reli ilipofika hapa Desemba 1901, mji huu ukiitwa Port Florence, ulikuwa ndani ya Uganda. Mwaka 1902 Waingereza wakahamisha mstari, tukaamka Wakenya wa baadaye. Wateso wako pande zote mbili. Wasamia wako pande zote mbili. Mjaluo anakwenda Rorya, Tanzania, akasalimiwa kwa lugha yake, na akifika Tororo Wapadhola watamwelewa nusu ya maneno. Hili ni jambo zuri na silisemi kwa kulalamika. Lakini mlanguzi wa eneo hili haji na kamba. Anakuja na undugu. Anajua jina la babu, anajua mazishi ya mwaka jana yalikuwa kwa nani, anasalimia kwa lugha ya mama. Yule afisa kijana wa uhamiaji aliyeletwa kutoka mbali ndiye asiyeelewa wanachosemezana.

Na hapa nataka nikae kidogo, kwa sababu najua vijana wa steji mnaniangalia mkijiuliza kama nataka msimamishe kila mtoto aliye na shangazi.

La. Mimi mwenyewe nililelewa na shangazi. Baba alipofariki nilipakiwa kwenye basi na sanduku la mbao, nikapelekwa kwa dada yake, nikachota maji, nikafua, nikapigwa kidogo, nikasoma. Nusu ya waliomo humu ndani wamekulia hivyo. Kumpokea mtoto wa ndugu ni desturi yetu, na siku sheria itakapoifanya kuwa hatia nitarudi hapa kuwatetea. Ulanguzi ni kitu kingine. Kwa mtu mzima, sheria inaangalia mambo matatu: amechukuliwa, amechukuliwa kwa hila au nguvu au kwa kutumia shida zake, na shabaha ni kumnyonya. Kwa aliye chini ya miaka 18 hilo la katikati halihitajiki. Hata kama hakudanganywa, hata kama alifurahi na kuimba njia nzima, akichukuliwa ili anyonywe, huo ni ulanguzi. Na wala hakuna wakili wa kuja kusema, "Lakini alikubali mwenyewe." Kukubali kwake hakumwokoi aliyemuuza.

Kwa hiyo tofauti kati ya shangazi yangu na yule shangazi wa Busia ni nini? Shule. Mkiwa na swali moja tu la kuuliza, ulizeni shule. "Unaenda shule gani?" Mtoto anayepelekwa kusoma analo jina la shule, au la mwalimu, au walau begi. Yule mwingine anatazama uso wa mtu mzima kabla ya kujibu.

Nyinyi makanga mnaona mambo ambayo hakuna ofisi inayaona. Mnaletewa mtoto asubuhi mnaambiwa, "Mshushe Nakuru, atachukuliwa," na nauli imetumwa kwa simu na mtu asiyekuwepo. Mara nyingi ni mzazi tu hana pesa ya kusafiri mara mbili. Lakini wakiwa watoto watatu wasiojuana, nauli yao wote imetoka namba moja, hapo pana jambo. Anayewapokea akiwa hajui majina yao, pana jambo. Simu ya msichana mkubwa ikishikwa na mtu mwingine, kitambulisho chake kikishikwa na mtu mwingine, pana jambo. Usimkamate mtu, wewe si polisi, na ukimkosea utapigwa ama utampigisha. Piga 116. Ni namba ya bure ya kusaidia watoto, na uzuri wake ni kwamba ni ileile Kenya, Uganda na Tanzania. Pale Busia simu yako ikinasa mtandao wa jirani, kama inavyopenda kufanya, bado utapokewa na mtu wa kazi hiyohiyo.

Ninaporudi kwenye kijana yule wa Eldoret huwa naona aibu. Serikali mbili zilikuwa na vitabu viwili vyenye sahihi, na aliyejua ukweli ni makanga.

Wa ufuoni, nisiwasahau. Kutoka Sio Port na Usenge mashua hazipigi foleni kwenye kituo cha pamoja. Kuna wavulana wanaovushwa kwenda visiwa vya upande wa pili kuvuta nyavu na kukausha omena, yaani dagaa, na wengine wanaletwa huku. Mwenye mashua huwajua. Kamati za fuo zina daftari la mashua na la wavuvi. Sijaona kamati iliyonishawishi kwamba haiwezi kuongeza ukurasa mmoja wa umri.

Pia msidhani habari hii ni ya wasichana wa vijijini peke yao. Kuna vijana wetu wenye digrii, wanaojua kompyuta, walioahidiwa kazi Thailand wakajikuta wamefungiwa ndani ya majengo Myanmar, wakilazimishwa kutapeli watu kwenye intaneti na kupigwa wasipofikisha kiasi. Hawa walikuwa na pasipoti na tiketi, wengine waliagwa kwa maombi na mbuzi. Kabla ya kuchinja mbuzi, angalieni kama wakala yumo kwenye orodha ya Mamlaka ya Kitaifa ya Ajira. Haichukui dakika kumi.

Na suala la kwenda Uarabuni linatufundisha kwa nini nchi moja ikijifungia peke yake haisaidii. Mwaka 2014 Kenya ilisimamisha kupeleka wafanyakazi wa nyumbani huko, ikafuta leseni za mawakala. Januari 2016 Uganda nayo ikazuia. Je, wasichana waliacha kwenda? Walibadilisha uwanja wa ndege. Waganda walikuwa wakipitishwa Nairobi, wakivuka Busia na Malaba kwa basi kama watu wanaokwenda harusini, na huko mbele wakifika bila mkataba wowote unaojulikana kwao. Amri ilitolewa kwa nia njema, lakini ilichofanya ni kumwongezea mlanguzi nauli ya kudai na kumtoa msichana kwenye macho ya serikali yake. Ingekuwa Nairobi na Kampala wameketi wakaamua pamoja, angalau ingejulikana nani yuko kwenye basi lipi.

Kuhusu sheria zenyewe sitakaa sana. Itifaki ya Palermo ya Umoja wa Mataifa, ya kuzuia ulanguzi wa binadamu, ni ya mwaka 2000, na Kenya ilijiunga nayo 2005. Tanzania ilitunga sheria yake 2008, Uganda 2009, sisi 2010. Miaka mitatu mfululizo, nchi tatu, mithili ya watu waliopeana zamu. Yetu inasema kifungo kisichopungua miaka 30 au faini isiyopungua shilingi milioni 30, au vyote viwili. Hilo "au" la kwanza limeninyima usingizi, kwa maana kuna walanguzi ambao milioni 30 kwao ni gharama ya biashara. Lakini mimi siyo bunge. Linalonisumbua zaidi ni kesi zinazobadilishwa jina njiani. Mtu anakamatwa na wasichana watano, na inapofika mahakamani ni kosa la kuingiza watu nchini bila vibali, anatozwa faini, anatoka. Kisha wale wasichana watano nao wanashtakiwa kwa kuwa nchini bila vibali. Sheria yetu inasema wazi kwamba mwathiriwa hatahukumiwa kwa kuwapo nchini kinyume cha sheria kama kuwapo huko kumetokana na kulanguliwa. Inatoa pia nafasi ya kumwacha abaki nchini hadi kesi iishe. Mimi nilikuwa na kifungu hicho kabatini siku ile ninaendesha mtoto kwenda Busia. Sikukisoma. Nilikuwa na haraka ya kumsaidia.

Abaki wapi? Swali zuri, na naona afisa mmoja pale anatabasamu kwa uchungu. Mara nyingi hakuna pa kumweka. Seli si mahali pa mwathiriwa, na nyumba ya watoto watukutu si mahali pake pia. Kuna mfuko wa kitaifa ulioanzishwa na sheria hiyohiyo kwa ajili ya kuwasaidia waathiriwa, kwa malazi, matibabu na nauli. Waheshimiwa wa kaunti mliopo, ulizeni pesa zake zinafikaje Kisumu na Busia, na mkijibiwa kwa Kiingereza kirefu, ulizeni tena kwa Kiswahili. Wakati tunangoja, kuna masista, kuna makanisa, kuna wamama wa hapa wenye vyumba na mioyo, wanaoweza kukaguliwa na kuandikishwa na Idara ya Watoto. Usiku wa kwanza ndio mgumu. Baada ya usiku wa tatu mtoto huanza kusema jina la kijiji, na hapo ndipo kazi yenyewe inaanza.

Kwa sababu ukishalijua jina la kijiji, unampigia mwenzako wa ng'ambo. Anakwenda, anaangalia. Labda mama yuko, analia, alidhani mtoto yuko shule. Labda mama ndiye aliyepokea elfu tatu. Haya hutokea, na msimhukumu upesi mtu aliyefiwa na ng'ombe wote kwa ukame; lakini mtoto harudi katika nyumba hiyo wiki hiyo. Itifaki yenyewe inataka anayerudishwa arudishwe kwa kuzingatia usalama wake. Hakuna atakayeujua usalama huo akiwa amekaa Kisumu. Anaujua mzee wa kijiji na afisa wa pale.

Na kesi? Siku hizi haina haja ya kumfunga shahidi hapa miaka miwili. Tangu 2020 mahakama zetu zimezoea kusikiliza kesi kwa video. Tuna sheria ya 2011 ya kusaidiana na nchi nyingine katika masuala ya jinai. Mtoto anaweza kutoa ushahidi akiwa Tororo, karibu na mtu anayemwamini, bila kumwona yule shangazi uso kwa uso. Inataka barua chache na mwendesha mashtaka mwenye subira. Wapo.

Jambo moja dogo, halafu nimalize. Picha. Naomba kwa heshima zote: mkiokoa mtu, msimpige picha akiwa amesimama katikati ya chifu na polisi kama nyara. Nimeona kwenye vikundi vya WhatsApp picha za wasichana, nyuso wazi, majina, hata kijiji. Tukimficha mtoto mahali salama na uso wake uko kwenye simu mia nne, tumemficha kutoka kwa nani? Nimewahi kumwona mwenye cheo akiomba irudiwe kwa sababu alikuwa amefumba macho.

Basi. Kwenye meza iliyo mlangoni kuna karatasi. Hazina nembo wala kauli mbiu, nimezipiga chapa mwenyewe. Zina safu nne: jina lako, kituo chako, simu yako ya kazi, na simu ya mtu atakayepokea kama yako imezimika. Hiyo ya nne ndiyo watu huiacha wazi, kwa hivyo nitasimama pale na kalamu. Wa Kisumu waandike, wa Busia zote mbili waandike, na kila mmoja aondoke na nakala ya wote. Wenzetu wa Tororo wameketi upande wa dirisha. Tuanze na hao, gari lao linaondoka saa nane.